Ethanoli Ndani ya Tangi la Pikipiki: Mhadhara kwa Waendesha Bodaboda na Mafundi wa Mji wa Moshi

Ndugu mwenyekiti, ndugu waendesha bodaboda, na ninyi mafundi mliofunga karakana zenu mapema ili mfike hapa,

Tangu mwaka 2010, EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilipoanza kutia vinasaba katika mafuta ili kuwabana wachakachuaji, tumezoea kuamini kwamba kila kilichochanganywa na petroli ni wizi. Ethanoli haimo katika kundi hilo. Ni kileo kile kile kilichomo katika mbege na gongo, ila kimeondolewa karibu maji yote, nayo hutengenezwa hata kwa molasi, masalia ya sukari ambayo hapo kiwanda cha sukari cha TPC, kusini mwa mji wetu, hayakosekani. Malawi wamekuwa wakiichanganya na petroli tangu 1982, na huko Brazili, mwaka 2009, Honda ilitoa CG 150 Titan Mix, pikipiki inayotumia petroli, ethanoli, au zote mbili kwa kiasi chochote.

Pikipiki zenu nyingi, hata hivyo, zina kabureta, kile kifaa kinachochanganya hewa na mafuta, na kabureta haina namna ya kujua kilichomiminwa tangini. Petroli tupu huhitaji hewa kilo 14.7 kwa kila kilo ya mafuta; ethanoli huhitaji kilo 9 tu. Kwa hiyo, mchanganyiko wenye asilimia 10 ya ethanoli ukipita katika kabureta iliyopimwa kwa petroli, hewa huzidi kidogo, na fundi ataliona hilo kwenye plagi, ambayo badala ya rangi ya chai ya maziwa huanza kuelekea weupe. Kwa asilimia 10 injini huvumilia. Kwa 20 na zaidi, sindano ya kabureta yapasa kupandishwa, na mipira ya zamani ikaguliwe. Umbali nao hupungua, kwa mchanganyiko wa asilimia 10 takriban kilomita 3 katika kila 100, hasara ambayo nadhani upepo wa barabara ya Himo huwatia kubwa zaidi.

Adui mwenyewe ni maji. Tazameni chupa hii: ina lita moja ya petroli yenye asilimia 10 ya ethanoli, na sasa natia maji, kijiko cha chai kimoja, kisha natikisa. Bado ni angavu, kwa sababu ethanoli imeyameza, na unyevu mdogo wa namna hiyo hupita ukateketea injinini bila madhara, jambo ambalo petroli tupu haiwezi. Naongeza kijiko cha pili. Imegeuka ukungu, na mkisubiri mtaona tabaka likishuka chini: ni maji yaliyoondoka pamoja na ethanoli yenyewe, yakaacha juu petroli dhaifu.

Tabaka hilo hukaa sakafuni mwa tangi, chini ya mdomo wa bomba la kawaida, kimya, hadi siku unapogeuza koki kwenye rizavu, yaani akiba ya chini ya tangi, katikati ya mlima wa Marangu. Anayejaza asubuhi na kumaliza jioni hawezi kulifikia. Linampata aliyeegesha pikipiki masika nzima, kifuniko cha tangi kikiwa kimelegea. Huyo, kabla ya kupiga kiki, amwage mafuta yote ya tangini, kisha alegeze skrubu iliyo chini ya kabureta, akinge kwa chupa nyeupe kama hii, na atazame kama yamejigawa.