Uhame Chuo au Ubaki? Kwa Wanariadha Wetu Walioko Marekani

Hamjambo watu wangu. Leo sina mambo ya kupika wala ya bei za magari. Kuna mama mmoja wa Bonde la Ufa ameniandikia. Kijana wake anakimbia chuo cha huku, yuko mwaka wa pili, na juzi alimpigia simu akilia kwamba anataka kuhama. Mama anauliza amwambie nini. Najua wazazi wengi wana swali hilo hilo, kwa hivyo namjibu hapa hapa.

Mama, kwanza ondoa hofu. Kule nyumbani mtu akibadilisha chuo, watu husema amefukuzwa. Si hivyo. Sam Chelanga alianzia Fairleigh Dickinson kule New Jersey, akahamia Liberty, na mwaka 2010 akakimbia mita 10,000 kwa 27:08.39, rekodi ya vyuo iliyokaa hadi 2024. Paul Chelimo alitoka Shorter akaenda UNC Greensboro, baadaye akachukua medali ya fedha ya Olimpiki Rio. Wesley Kiptoo alianzia chuo cha miaka miwili, Colby kule Kansas, halafu akaenda Iowa State. Anayeanzia chuo cha miaka miwili ni lazima ahame, hana njia nyingine.

Na sheria zimelegea sana. Potali ya uhamisho, yaani orodha ya mtandaoni ya wanariadha wanaotaka kuhama, ilianza Oktoba 2018. Tangu Aprili 2024, mwanariadha wa daraja la kwanza la NCAA, shirika linalosimamia michezo ya vyuo huku, anaweza kuhama zaidi ya mara moja na kushindana bila kukaa nje mwaka mzima, mradi masomo yake yako sawa. Sharti hilo la masomo ndilo linalowanasa vijana wetu. Nitalirudia.

Sasa, analia kwa nini? Maana baridi si sababu. Chakula si sababu. Kushindwa mbio za nyika mwezi wa kumi na moja, usiniambie, hiyo hata si habari. Huko aendako kuna baridi na kuna kushindwa pia, labda akienda Arizona atapona baridi tu.

Sababu inayonifanya mimi niseme hama ni hii: kijana anatumiwa au anakuzwa? Chuo kinahesabiwa pointi kwenye mashindano ya kanda yake (conference). Wa kwanza anapata 10, wa pili 8, wa tatu 6, mpaka wa nane anayepata 1. Kocha akiwa na Mkenya mmoja mwenye mapafu, anaweza kumpanga mita 10,000 siku ya kwanza, mchujo wa kuruka viunzi na maji siku inayofuata, na mita 5,000 siku ya mwisho. Mara moja kwa mwaka, sawa, ni kazi ya timu, na ufadhili wa masomo haukuja bure. Lakini msimu wa nyika ukiisha kuna wa ukumbini, halafu wa uwanjani, na kama katikati hapumziki, anakimbia na maumivu ya mfupa wa mguu na kocha anamwambia "ni uchovu tu," basi anatumiwa. Muulize: tangu ulipofika, muda wako bora umeshuka? Daktari wa timu akisema pumzika, kocha anamsikiliza? Majibu hayo yana uzito kuliko machozi.

Sababu nyingine nzuri: kocha aliyemleta ameondoka, au fani anayotaka kusoma haipo. Kwamba kuna chuo kikubwa kinachoonekana vizuri kwenye televisheni? Hapana.

Turudi kwenye masomo. Shahada nyingi huku ni krediti 120, yaani vipimo vya masomo uliyofaulu. NCAA inataka anapoingia mwaka wa tatu awe na asilimia 40 ya shahada yake, yaani 48. Mwaka wa nne asilimia 60, wa tano 80. Chukua mtu mwenye krediti 60. Chuo kipya kinamtumia jedwali: hizi 52 tumezipokea. Anafurahi. Lakini angalia safu ya mwisho: kati ya hizo 52, zinazoingia kwenye uhandisi anaotaka ni 41 tu, nyingine zimewekwa kama masomo ya hiari. Amepungukiwa 7. Asipozifidia wakati wa kiangazi, na mara nyingi kwa pesa yake, atakaa benchi huku miguu yake ni mizima kabisa. Jedwali hilo aliombe kabla hajasaini chochote.

Halafu ajue jinsi potali inavyofanya kazi. Anamwandikia afisa wa kanuni za michezo chuoni kwake, na chuo kina siku mbili za kazi kuliingiza jina. Kila mchezo una dirisha la kuingiza majina lenye tarehe zake. Kabla jina halijaingia, makocha wa nje hawaruhusiwi kuzungumza naye, kwa hivyo "kaka" anayempigia simu akimhakikishia nafasi amwogope. Jina likiingia, chuo chake kinaweza kukata ufadhili muhula ukiisha, na si lazima kimrudishe akibadili mawazo. Wapo wanaoingia na hakuna simu inayolia.

Kwa Mmarekani hilo ni pigo. Kwa mwenye viza ya F-1, ile ya mwanafunzi, ni kubwa zaidi, kwa sababu rekodi yake ya SEVIS, mfumo wa serikali unaofuatilia wanafunzi wa kigeni, lazima itoke chuo hiki kwenda kile, na chuo kipya kimtolee I-20 mpya, ile fomu ya chuo inayothibitisha kwamba amepokelewa. Asiache masomo kwa hasira kabla ofisi ya wanafunzi wa kigeni haijapanga tarehe ya kuhamisha rekodi hiyo. Akijitoa kwa idhini yao ana siku 15 za kuondoka nchini. Bila idhini hana hata moja.

Kwa hivyo mama, asiandike barua hiyo wiki hii. Amalize mitihani, akae na kocha amwambie waziwazi kama mguu unauma au mbio zimezidi, aone anajibiwaje. Kocha akimkaripia, mwambie anipigie mimi, tutapitia krediti zake moja moja. Nambari unayo. Wengine wenye maswali ya viza, andikeni hapo chini, nitayajibu Jumapili nikitoka zamu.