Mabawa ya Freddie na kizibao cha mwanagenzi wangu

Mhadhara kwa vijana wa sanaa, Mji wa Kale, Mombasa

Asalaam alaikum, hamjambo nyote. Wazee wangu mlioketi mbele, shikamooni.

Kijana aliyenijia dukani kuniomba nizungumze juu ya Freddie Mercury, mwimbaji wa kundi la Queen la Uingereza, nilimwambia wazi: "Mwanangu, mimi ni fundi wa nguo, muziki siujui." Akanijibu, "Basi, mzee, tuzungumzie nguo zake." Hapo akanipata.

Wengi wenu mmemwona kwenye simu, yule mwenye masharubu na ngumi juu. Mnajua ni jirani yetu? Alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, jina lake Farrokh Bulsara, mtoto wa Kiparsi, jamii ya Wahindi wenye asili ya Uajemi. Babake alikuwa mweka fedha wa serikali ya Mwingereza. Alipofika miaka minane wakampeleka shule ya bweni Panchgani, India, na huko ndiko wenzake walikoanza kumwita Freddie. Yalipotokea mapinduzi ya 1964, familia ikahama ikaenda kukaa Feltham, kandokando ya London. Yeye wakati huo ana miaka 17, mgeni, rangi yake si yao, na meno yamemtoka mbele.

Meno hayo niyataje kidogo, maana ndiyo yalikuwa mshono wake ulioonekana. Alikuwa na meno manne ya ziada nyuma, yakayasukuma ya mbele. Akizungumza na watu huziba mdomo kwa mkono. Pesa zilipokuja angeweza kuyang'oa, akakataa, akihofia sauti yake ingeharibika. Mimi sijui kama meno yanasaidia sauti. Najua kwamba kitu alichokuwa akikificha mezani, jukwaani alikifungulia kinywa wazi mbele ya maelfu.

Sasa nije kwenye lililonifurahisha mimi. Kabla ya umaarufu, yeye na Roger Taylor, mpiga ngoma wa kundi lao la Queen, walikuwa na kibanda Soko la Kensington, London. Waliuza nini? Nguo kuukuu. Mitumba, jamani! (Kicheko.) Nendeni soko la Kongowea asubuhi na mapema, robota linapofunguliwa, muone macho ya wale vijana. Anavuta shati moja katika mia, analipapasa kola, analigeuza ndani aone bitana, na keshajua ni kamera, yaani la daraja la kwanza, au ni la kufagilia. Jicho hilo halifundishwi darasani. Freddie alikuwa nalo, na juu yake akaongeza masomo ya uchoraji wa matangazo na nembo katika chuo cha sanaa cha Ealing. Nembo ya Queen aliichora mwenyewe: simba wawili, kaa, na mabinti wawili wenye mabawa, kwa nyota za kuzaliwa za wale wanamuziki wanne wa kundi.

Mwaka 1974 akaenda kwa mshonaji Zandra Rhodes. Akachagua nguo nyeupe yenye marinda membamba na mikono mipana kama mabawa ya popo, mtindo uliotokana na nguo ya bibi harusi. Yule mama hakumwuliza, "Hii si ya kike?" Alimwambia aivae, azunguke nayo chumbani, aone inavyokwenda naye.

Nataka mkae na picha hiyo kidogo. Marinda ni kazi ngumu. Unakunja, unapiga pasi, unakunja, na ukikosea moja safu nzima imepinda. Na yakishakaa, ukiwa umesimama tu hayaonyeshi kitu, yanataka mtu ayatikise. Fundi yule aliona kwamba nguo ile haijaisha mpaka mtu ainue mikono.

Mimi sikuwa fundi wa namna hiyo. Nilikuwa na mwanagenzi, kijana mpole, vidole vyepesi mno kwenye kofia. Siku moja alinunua doti ya leso Barabara ya Biashara, akaikata akashona kizibao cha kiume. Sikilizeni alivyoikata. Mji wa leso, ile sehemu ya kati, akauweka mgongoni, pindo likateremka kifuani pande zote mbili kama tarizi, na jina la leso, yale maneno, akayazungusha kwenye kola, hata ukitaka kuyasoma ni lazima umzunguke mwenye kuvaa. Alikivaa akasimama mbele yangu. Wateja walikuwepo. Nikasema, "Leso ni ya mamako, vua hiyo." Watu wakacheka, nami nikacheka nao. Alikivua polepole, akakikunja vizuri, akarudi kwenye kanzu za watu. Mwezi ule ule akaondoka.

Mtaniambia, mzee, mila zetu. Mila gani? Marehemu Juma Bhalo, mwimbaji wa taarabu wa mji huu huu, alichukua tuni za filamu za Kihindi akazivika Kiswahili cha Mvita, leo tunamwita hazina. Leso yenyewe kwa asili tunaambiwa ni vitambaa vya Mreno vilivyounganishwa vikashonwa pamoja. Pwani hii imeshonwa kwa vipande vya watu, kisha tunamkatalia mtoto asiongeze kimoja.

Lakini sitawapamba maneno. Freddie hakukubalika kila mahali, na yeye mwenyewe hakujifunua kwa kila mtu. Asili yake ya Unguja alikuwa haizungumzii sana. Maradhi yake aliyaficha mpaka tarehe 23 Novemba 1991, ndipo akatangaza kuwa ana UKIMWI, na kesho yake akafariki, miaka 45. Mwaka 2006 Unguja ilipangwa sherehe ya kuzaliwa kwake ikapingwa na waliosema maisha yake hayapatani na Uislamu, ikavunjwa. Leo kuna makumbusho yake Mji Mkongwe na watalii wanalipa kuingia. Sikuja kufungua kesi ile hapa, mimi mtu wa sindano. Nasema tu kwamba mtu huyo huyo alikuwa na mabawa jukwaani, na nyumbani akakaa na siri yake mpaka siku ya mwisho. Makofi si sawasawa na kukubaliwa, na vijana msidanganyike hapo.

Tarehe 13 Julai 1985, uwanja wa Wembley, watu kama 72,000, aliimba kwa dakika zisizozidi sana 20. Alivaa nini? Fulana nyeupe na jinzi. Hakuna marinda, hakuna taji. Nimeitazama mara nyingi, na jicho langu la fundi linaniambia mikono ile bado inakwenda kama ina mabawa ya 1974. Alishaizoea nguo hata hakuihitaji tena.

Kijana wangu sikumpata tena. Nasikia yuko Nairobi, anashona, jina lake nalihifadhi. Kizibao alikiacha. Kimetundikwa msumarini dukani miaka yote hii, wateja wananiuliza bei nawaambia si cha kuuza. Leo nimekuja nacho, kiko kwenye mfuko huu. Mshono wa bega la kushoto umefumuka kidogo, nimeuacha hivyo hivyo, si wangu kuutengeneza.

Haya, nani atakijaribu? Wewe, mwanangu, simama. Usisimame kama mlingoti, zunguka nacho, inua mikono. Na nyinyi wa nyuma sogeeni, msome kolani.