Mkate wa Saada

Assalamu alaykum. Nimeombwa nijibu swali hili: sinema za hadithi za kale zitengenezwe upya, au ziachwe zilivyo? Walionisikia barazani wanajua nitaanzia wapi, na naona wameshaanza kucheka. Chekeni. Nitaanza na bibi yangu.

Bibi alitusimulia kisa cha Fumo Liyongo, shujaa na malenga wa pwani yetu, mrefu kupita watu, mara nyingi mno. Mnakijua, sikirudii. Ila mkate. Liyongo yuko kifungoni, kijakazi Saada analeta vyakula vizuri kutoka kwa mama yake, na walinzi wanavila wao. Liyongo anamtuma Saada kwa wimbo: mama aoke mkate wa wishwa, kati atie tupa, chuma cha kukerezea pingu. Saada anafika nao mlangoni. Walinzi wanautazama, wanaona wishwa tupu, nani ale wishwa? Wanampisha.

Kwa kawaida bibi alipita hapo upesi, akakimbilia ngoma ya gungu, matoazi yakivuma nje huku tupa ikikereza pingu ndani. Lakini mwaka ule dada yangu alipopelekwa kutumika nyumba za watu, bibi alisimama mlangoni na Saada usiku kucha. Mkate wenye tupa una uzito gani? Mkono ukitetemeka je? Mlinzi akiubonyeza kwa kidole? Tulijua kuwa atapita, na bado pumzi zilitukatika. Hakuna mtoto aliyesema, "Bibi, hiki tumeshakisikia." Dada yangu alikuwa hayupo kusema lolote.

Sasa kuna kijana atanijibu: mzee, bibi yako hakukutoza tiketi, hawa wa sinema wanatafuta pesa tu. Naam, wanatafuta pesa! Na Muhammad Kijumwa wa hapa hapa Lamu, fundi wa kuchonga, unadhani alikuwa akichonga kwa thawabu peke yake? Alipouandika utendi wa Liyongo mwaka 1913 alikikuta kisa kimeshaimbwa karne na karne. Angeambiwa akiache kwa kuwa kimeshasemwa, leo tungekuwa na nini mkononi? Pesa hainishughulishi. Ninachouliza ni kimoja: umesimama mlango gani ambao mwenzako aliupita mbio?

Chukueni Devdas, kisa cha Kihindi cha mwanamume aliyemkosa mpenzi wake akageuka mlevi. Nyumbani kwangu hiyo ni vita. Mimi ni mtu wa Dilip Kumar, ile ya 1955, haina hata rangi. Binti zangu wanamlilia Shah Rukh Khan wa 2002. Na kabla ya zote mbili kulikuwa na ya 1935, sinema za Kihindi hazioni haya kurudia. Miaka mingi niliwabishia: dhahabu nyingi, vioo vingi, mlevi gani huyu anayekufa langoni pa kasri? Nguo zile bado nazilaumu. Lakini kitabuni Paro, yule mpenzi, na Chandramukhi, kahaba aliyempenda mlevi, hawakutani, mwanamume mmoja kawatenga. Katika ile ya 2002 wanakutana, wanacheza ngoma pamoja, na mlevi hayupo. Hapo nilinyamaza. Binti yangu mkubwa akasema, "Andikeni tarehe, baba kanyamaza."

Kuna na kinyume chake. Mwaka 1998 mwongozaji Gus Van Sant aliichukua Psycho, sinema ya kutisha ya Hitchcock, ya 1960, akaipiga upya karibu picha kwa picha, ila kwa rangi. Kwa nini? Hiyo ni sawa na mwanafunzi aliyenakili daftari la mwenzake hata doa la wino.

Nilitaka pia kusema juu ya The Lion King, ya 1994 na ile ya 2019 yenye simba wa kompyuta ambao ukiwatazama usoni hujui nani kafiwa na nani kashiba, na maneno yetu waliyoyachukua wakaenda nayo. Muda umekwisha, naonyeshwa saa.

Na wewe uliyeuliza pale nyuma, tukimfanyia Liyongo sinema nani atamwigiza: mrefu yeyote atafaa. Niambie kwanza nani atakuwa Saada, na ule mkate mtauoka kweli au mtanipakia rangi kadibodi.