Mshono wa oparesheni haukandwi: maongezi na kina mama, Ngamiani, Tanga

Mama zangu shikamooni, na nyie kina baba mlokaa huko nyuma sogeeni bwana, mshono unawahusu.

Kwanza usaha. Watu wanasema kidonda kikitoa usaha ndo uchafu unatoka kinapona, hapana jamani, mshono wa oparesheni ukitoa usaha ujue vijidudu vimeshaingia. Shirika la Afya Duniani linasema Afrika mpaka asilimia 20 ya wanaojifungua kwa oparesheni wanapata maambukizi ya kidonda, na inaniuma kweli maana mengi yanazuilika.

Ukipangiwa oparesheni oga vizuri, sabuni ya kawaida inatosha, na usijinyoe kwa wembe. Najua mtu anaona aibu, lakini wembe unaacha mikwaruzo midogo huioni na vijidudu vinajificha humo, kama nywele lazima zitoke watazipunguza wenyewe hospitali kwa mashine. Antibaiotiki ya kinga nayo unachomwa kabla ya kisu, ndani ya masaa 2, ili wakikata dawa iko kwenye damu tayari.

Sasa kukanda, hapa ndo penye kazi. Bibi katoka Muheza kuja kulea mzazi, maji yanachemka, kitambaa kipo, na ni mapenzi yale siyabezi hata kidogo, ila huyu kapasuliwa. Ngozi ya karibu na mshono inakuwa na ganzi hata miezi, moto hausikii vizuri, anaungua huku kanyamaza, na bandeji inalowa. Tumbo liacheni, mapenzi yahamie kwenye uji wa pilipili manga.

Na ile ya kufungua rangi mbili, yaani vile vidonge vya antibaiotiki, unamwaga unga kwenye mshono, acheni kabisa, chumvi acheni, majivu acheni. Anayegusa kidonda anawe mikono kwanza, hata akiwa mama mkwe mwambieni kwa adabu.

Kuna dada kauliza kuchunga mpaka lini, dada angu hesabu siku 30, maana mshono unaweza kuharibika ukiwa nyumbani ushasahau. Ngozi yetu nyeusi wekundu hauonekani vizuri, kwahiyo nawa, kausha, gusa pembeni ya mshono kwa mgongo wa mkono, kama pana joto, pagumu, panauma kuliko jana, au una homa, harufu, mshono unaachia, nenda hospitali ya Bombo au pale ulipopasuliwa, usiku huo huo, usingoje kukuche.