Ujira Unaovuka Mipaka: Uhamiaji wa Kazi na Maendeleo ya Nyumbani

Mwenyekiti, wahadhiri wenzangu, wanafunzi na wageni waalikwa, itifaki imezingatiwa.

Nimepewa mada ya uhamiaji wa kazi na mchango wa fedha zinazotumwa nyumbani. Kila mada hii inapoguswa, macho hukimbilia kwenye jumla, na jumla yenyewe ni kubwa kweli. Kwa makadirio ya Benki ya Dunia, mwaka 2023 nchi za kipato cha chini na cha kati zilipokea takribani dola bilioni 656 kwa njia rasmi. Kiasi hicho kiliupita uwekezaji wa moja kwa moja kutoka nje, na misaada ya maendeleo kiliiacha mbali. Serikali zikiona takwimu za namna hii, swali la kwanza huwa: tutazielekezaje fedha hizi kwenye miradi yetu?

Kwangu mimi swali hilo limeanzia pabaya. Fedha hizi zina mwenyewe. Ni ujira wa mtu aliyejenga maghorofa ya wengine, aliyeuguza wazee wa wengine, aliyelala chumba kimoja na wenzake sita ili abakize cha kutuma. Serikali ina kazi mbili tu hapa: kuhakikisha ujira huo haunyofolewi njiani, na kuhakikisha kwamba ukifika nyumbani unakuta mazingira ya kuzaa matunda. Hayo mawili yakifanyika, maendeleo mengine wahamiaji na familia zao wataleta wenyewe.

Najua wapo watakaosema kwamba fedha hizi huliwa tu: chakula, karo, dawa, bati la nyumba. Tangu lini karo na dawa zikawa matumizi ya hasara? Nawapeleka Ufilipino, mwaka 1997, msukosuko wa fedha ulipoikumba Asia. Wafilipino walikuwa wametawanyika nchi nyingi, na sarafu za nchi hizo hazikwenda mwendo mmoja. Aliyekuwa Saudi Arabia au Hong Kong, ambako sarafu imefungwa kwenye dola, ghafla mshahara wake ulinunua peso nyingi zaidi, kwa kuwa peso, sarafu ya Ufilipino, ilikuwa imeanguka. Aliyekuwa Malaysia au Korea Kusini hakupata nafuu hiyo, kwa kuwa sarafu za huko nazo zilianguka. Hakuna familia iliyokuwa imeyatabiri hayo wakati inamsindikiza mtu wake, kwa hiyo mchumi Dean Yang alipata nafasi ya nadra ya kulinganisha kaya zinazofanana, moja imepata zaidi na nyingine haikupata. Alichokiona ni hiki: kaya zilizopata zaidi ziliwabakiza watoto shuleni, ajira ya watoto ikapungua, na watu wazima wakaingia kwenye shughuli zao binafsi, zikiwemo zile zinazohitaji mtaji mkubwa kidogo. Matumizi ya kila siku hayakupanda kwa kiasi cha maana. Hakuna waziri aliyewaambia wawekeze. Waliwekeza kwa sababu walikuwa nacho.

Kuna sifa nyingine ya fedha hizi ambayo haipewi uzito wake. Mwezi Aprili 2020, ugonjwa wa korona ulipofunga dunia, Benki ya Dunia ilitabiri kwamba zingeporomoka kwa asilimia 20 hivi. Zilishuka kwa chini ya asilimia 3. Watu walikula akiba zao, wakakubali kazi yoyote, wakatuma. Mwekezaji akisikia kishindo huondoa mtaji wake. Mtoto akisikia mama yake anaumwa hutuma zaidi.

Sasa nije kwenye kunyofolewa njiani, na hapa naomba nikae, kwa sababu ndipo penye maumivu makubwa na ndipo penye tiba iliyo karibu.

Unyofoaji wa kwanza hutokea kabla mtu hajapanda ndege. Tuchukue mfano wa kukadiria. Kijana anaahidiwa kazi ya dola 250 kwa mwezi, na dalali anadai dola 2,000 za viza, tiketi, vipimo vya afya na “usumbufu”. Hana. Familia inaweka shamba rehani, inakopa kwa mtu binafsi kwa riba ya asilimia 4 kwa mwezi. Mwezi wa kwanza riba peke yake ni dola 80, karibu theluthi ya mshahara. Akitoa dola 150 kila mwezi kulipia deni, huku akiishi kwa mia moja, atahitaji zaidi ya mwaka mmoja na nusu kulimaliza. Mkataba wake ni wa miaka miwili. Katika muda wote huo tajiri wake akimnyima mshahara, akimshikia pasipoti au akimpiga, hawezi kuondoka, kwa kuwa nyumbani kuna shamba linalosubiri kunadiwa. Deni hilo ndilo linalomfunga kabla ya sheria yoyote ya nchi anakofanya kazi.

Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, unakataza mawakala binafsi wa ajira kumtoza mfanyakazi ada, isipokuwa katika hali chache zilizoidhinishwa. Gharama ibebwe na anayemhitaji mfanyakazi. Inawezekana. Korea Kusini ilianzisha mwaka 2004 utaratibu wa kuajiri kwa makubaliano ya serikali kwa serikali, ukawaondoa madalali katikati, na gharama anayobeba mfanyakazi ikashuka sana. New Zealand ilianza mwaka 2007 mpango wa kazi za msimu za mashamba ya matunda na mizabibu kwa watu wa visiwa vya Pasifiki, mwajiri akilipa nusu ya nauli ya kwenda na kurudi. Watafiti waliofuatilia kaya za Tonga na Vanuatu walikuta kipato cha kaya zilizoshiriki kimepanda kwa zaidi ya asilimia 30. Ni miezi michache ya kazi, mtu anarudi kwake, msimu ukifika anakwenda tena.

Unyofoaji wa pili uko kwenye dirisha la kutuma. Kutuma dola 200 duniani hugharimu kwa wastani kama asilimia 6, na kwenda Afrika kusini mwa Sahara hugharimu zaidi. Anayetuma dola 200 kila mwezi hupoteza zaidi ya dola 140 kwa mwaka. Na ada iliyoandikwa kwenye risiti haisemi yote. Kampuni inaweza kutangaza kwamba kutuma ni bure, kisha ikakubadilishia fedha kwa kiwango kibaya kuliko cha soko. Anayepokea anahesabu noti alizopewa na kushukuru, bila kujua kilichobaki kule. Mataifa yalikubaliana ndani ya Malengo ya Maendeleo Endelevu kuishusha gharama hii chini ya asilimia 3 ifikapo 2030. Simu zimesaidia mno, lakini penye mikataba ya upekee kati ya kampuni moja ya kutuma fedha na mtandao mzima wa mawakala, wanaozuiwa kuhudumia kampuni nyingine, bei haishuki. Wasimamizi wa soko wana mamlaka ya kuivunja mikataba hiyo, nami nashangaa wanasubiri nini.

Fedha zikifika, zinahitaji akaunti, hati ya ardhi isiyo na utata, umeme usiokatika na mahakama inayosikiliza. Zaidi ya hapo, mtumaji apewe sauti. Jaribio lililofanywa kwa Wasalvador wanaoishi eneo la Washington lilionyesha kwamba walipopewa uwezo wa kuzisimamia wenyewe akaunti za akiba huko El Salvador, akiba iliongezeka. Mexico ilikuwa na mpango wa “tatu kwa moja”: kila dola iliyochangwa na vyama vya wahamiaji iliongezewa moja ya serikali kuu, moja ya jimbo na moja ya manispaa, ikajenga barabara na kuvuta maji. Kasoro yake ilikuwa kwamba mji wenye vyama imara ulipata, na mji maskini usio na watu wake ughaibuni ukabaki vilevile. Huko bajeti ya taifa haina mbadala.

Jambo hili pia lina hatari zake. Tajikistan imefikia mahali ambapo fedha za wahamiaji, wengi wao wakiwa Urusi, zimekaribia nusu ya pato la taifa. Ruble, sarafu ya Urusi, ilipoanguka mwaka 2014 na 2015, kaya zilianguka nayo. Serikali inayopumzika kwa sababu vijana wanatuma, ikaacha kutengeneza ajira nyumbani, imegeuza uhamiaji kuwa kisingizio.

Nimalizie na suala la pensheni. Mtu anakatwa michango ya hifadhi ya jamii ughaibuni kwa miaka 15, anarudi na mgongo unaouma, na michango ile inabaki kulekule kwa sababu nchi mbili hazijatiliana saini. Mikataba ya kuihamisha ipo kati ya nchi nyingi, na masharti yake yanajulikana. Wanasheria mlio humu ndani, mada ya utafiti mnayo. Nani aanze na maswali?