Siku Mchoma Nyama Alipokula Mlenda: Mazungumzo ya Mpwa na Mjomba, Dodoma

MPWA: Shikamoo, mjomba.

MJOMBA: Marahaba, mwanangu. Umenikalisha kiti cha mgeni leo, wakati nusu ya kipindi hiki ni changu.

MPWA: Leo utavumilia. Wasikilizaji wetu, karibuni tena. Tunarekodi hapa Dodoma, Ijumaa jioni, na huo mvumo mnaousikia nyuma ya sauti zetu ni upepo wa kiangazi unaotikisa bati, si hitilafu ya kinasa sauti. Kwa muda mrefu mmekuwa mkiuliza kwa nini mjomba, ambaye kwa miaka sita hakukosa shindano hata moja la kuchoma nyama alilolisikia kati ya hapa, Morogoro na Dar es Salaam, hazungumzii tena mashindano. Nimemwomba atujibu, naye amekubali kwa sharti moja.

MJOMBA: Kwamba usinihurumie.

MPWA: Sikuhurumii. Tuambie uligundua lini kwamba umechoka kwa namna ambayo usingizi hauiondoi.

MJOMBA: Wengi hukisia kwamba ilikuwa siku ya kushindwa, lakini haikuwa hivyo. Siku hiyo nilishika nafasi ya pili. Nilikuwa na kikombe mkononi, wenzangu wanapiga picha, nami moyoni ninahesabu saa zilizobaki za kuosha nyavu za kuchomea na kupakia pipa la jiko kwenye gari. Nilipofika nyumbani, mama yako aliniwekea ugali wa uwele na mlenda, na pembeni akaziweka mbavu za mbuzi nilizotoka nazo shindanoni. Mlenda niliumaliza, mbavu sikuzigusa. Dada yangu akaniuliza ni lini mara ya mwisho nilikula nyama niliyoichoma mwenyewe. Nikalitafuta jibu, nikalikosa.

MPWA: Mgogo kupenda mlenda si dalili ya maradhi, mjomba.

MJOMBA: Kupenda mlenda si dalili, lakini mtu anayeishi kwa kuchoma nyama akianza kuichukia harufu yake, hapo pana jambo.

MPWA: Wapo wasikilizaji wanaoijua nyama choma ya mnadani tu, kama ile ya Msalato siku ya Jumamosi, na wanashangaa jambo hilo linawezaje kumchosha mtu. Waeleze tofauti.

MJOMBA: Msalato unachagua kipande chako, mchomaji anakigeuza, unapewa chumvi, pilipili, ndimu na kachumbari, mnakula huku mnazungumzia bei ya ng'ombe, na hakuna anayehesabu chochote isipokuwa pesa. Mashindano yana desturi nyingine, na nyingi zimetoka Marekani. Kule kuna chama kiitwacho Kansas City Barbeque Society, kilichoanzishwa mwaka 1985, na kanuni zake zinataka kila timu iwasilishe nyama nne, yaani kuku, mbavu za nguruwe, bega la nguruwe na kidari cha ng'ombe. Kuku anaanza saa sita kamili mchana, kisha kila nusu saa inafuata nyama nyingine hadi kidari saa saba na nusu, na unaruhusiwa kutangulia au kuchelewa kwa dakika tano, basi. Waamuzi sita wanaketi mezani na kutoa alama kwa mwonekano, ladha na ulaini, ambapo 9 ndiyo ya juu kabisa. Ladha peke yake hubeba zaidi ya nusu ya uzito. Alama za mwamuzi aliyekupa kidogo kuliko wote huondolewa, zinazobaki hupigiwa hesabu hadi tarakimu nne baada ya nukta, na aliyekamilika kabisa hupata 180 kwa nyama moja.

MPWA: Tarakimu nne baada ya nukta, kwa nyama?

MJOMBA: Kwa nyama, mwanangu. Waandaaji wa huku hawazifuati kanuni hizo neno kwa neno. Nguruwe kwa mfano huachwa, kwa sababu huwezi kumwekea mwamuzi Mwislamu kitimoto mezani, na mahali pake huwekwa mbuzi. Sisi washindani ndio tulizisoma mtandaoni tukajifunga nazo kwa hiari yetu. Nilikata pipa la mafuta la lita 200 nikalifanya jiko la moshi, nikanunua vipimajoto viwili, nikawa ninaokota matawi ya mizabibu yaliyopogolewa mashambani ili moshi wangu uwe wa kwetu. Hilo la mizabibu silijutii hata leo, kwa sababu moshi wake ni mtamu na haukabi nyama.

MPWA: Na usiku?

MJOMBA: Usiku ndio ulionimaliza. Kidari ni nyama ngumu yenye nyuzi nyingi, na ili kilainike hupikwa kwa joto la nyuzi 110 hadi 120 kwa saa kumi, kumi na mbili, wakati mwingine zaidi, mpaka ndani yake pafike karibu nyuzi 95. Sasa ikifika kama nyuzi 65 au 70, nyama inagoma. Kipimajoto kinasimama palepale kwa muda wa saa tatu au nne, kwa sababu maji yanayotoka kwenye nyama yanakauka juu yake na kuipoza, kama jasho linavyoupoza mwili. Unajua sababu hiyo vizuri, lakini saa tisa usiku, peke yako, ukiangalia tarakimu ambayo haisogei, ujuzi haukusaidii. Unaongeza mkaa, kisha unajuta kwamba umeongeza mkaa.

MPWA: Nilikuwa ninataka kusema kwamba nawe uligoma kama kidari.

MJOMBA: Usinifananishe nacho. Kidari kikigoma kinaendelea kulainika ndani kwa ndani, mimi nilizidi kukakamaa. Nilikuwa ninamfokea kijana aliyenisaidia kwa kosa la kufunua kifuniko mara moja. Waamuzi niliwaita vipofu, hata walionipa alama nzuri. Wateja wangu wa wiki nzima, wale wanaokuja kibandani kwa mishikaki na ndizi za kuchoma, nikaanza kuwaona kama watu wanaonichelewesha mazoezi. Na kuhusu fedha nitasema kifupi, kwa sababu inaniuma: nilikuwa ninachinja mbuzi wawili kila wiki kwa mazoezi, na zawadi ya nafasi ya pili haikulipa hata mafuta ya gari.

MPWA: Hapa nitaingiza kidogo nilichosoma chuoni. Mtu aliyelitia jina jambo hili, ambalo kwa Kiingereza huitwa burnout, katika maandishi ya kitaalamu, mwaka 1974, ni Herbert Freudenberger, mwanasaikolojia wa New York, na kinachonigusa ni kwamba hakuliona kwanza kwa watu wanaoichukia kazi yao. Aliliona katika kliniki ya bure, kwa watu waliojitolea, naye akiwa mmoja wao. Walikuwa wamekuja kwa mapenzi, na mapenzi hayo ndiyo yaliyowafanya wasijue pa kusimama. Baadaye Christina Maslach na mwenzake walitengeneza dodoso la kupima hali hiyo, lililotoka mwaka 1981, na mambo matatu yanayopimwa humo yanakaribiana na uliyoyasema: kuishiwa nguvu, kuwaona watu kama mzigo, na kuhisi kwamba ufanyalo halina thamani.

MJOMBA: La tatu lilinipata nikiwa na kikombe mkononi.

MPWA: Na Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya maradhi iliyoanza kutumika mwaka 2022, limeliingiza jambo hili, ila halikuliita ugonjwa. Limelieleza kuwa ni hali itokanayo na msongo wa muda mrefu kazini ambao haukushughulikiwa vizuri. Mtu anaweza kusema kwamba mashindano ni burudani yako, si kazi, kwa hiyo hali hiyo haikuhusu.

MJOMBA: Burudani inayokuamsha saa tisa usiku, yenye muda wa mwisho, yenye watu wa kukukagua na yenye hasara, mimi sijui kwa nini isiitwe kazi.

MPWA: Turudi kwenye afya ya mwili, kwa sababu ulikuwa ukilalamikia kichwa.

MJOMBA: Hapa wachomaji wenzangu wanisikilize hata kama mengine watayaacha. Kwa mwaka mzima nilidhani kichwa kuuma na kizunguzungu ni sehemu ya uchovu huo tunaouzungumzia. Sehemu ilikuwa hivyo. Lakini usiku wa mwezi wa saba Dodoma una baridi, nasi tulikuwa na tabia ya kuingiza jiko lenye makaa ndani ya hema tukafunga zipu. Makaa yanayowaka hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, ambayo haina harufu wala rangi, na inaua watu wakiwa usingizini. Aliyenionya kuhusu jambo hilo ni daktari wa zahanati niliyokwenda kupima shinikizo la damu, na alipolisema nilinyamaza, kwa sababu nilikumbuka asubuhi moja ambapo wenzangu wawili walitapika nasi tukaisingizia pilau. Jiko lisilale ndani na mtu, iwe hema, chumba au gari.

MPWA: Ulipokubali kwamba umechoka, ulifanya nini?

MJOMBA: Nilifanya kila mtu anachokisema, nikapumzika. Mwezi mzima. Nikalala, nikanenepa, nikaenda kijijini kusalimia. Kisha nikarudi kwenye mazoezi yaleyale, pipa lilelile, saa zilezile, na katika wiki ya pili nikawa palepale nilipokuwa. Ndiyo maana siamini tena ushauri wa kupumzika ukitolewa peke yake. Tatizo langu lilikuwa jinsi nilivyojipangia kazi, na mapumziko hayakuigusa mipango hiyo.

MPWA: Wazee wanasema mtaka cha mvunguni sharti ainame.

MJOMBA: Nami niliinama mpaka nikasahau kwamba kuna kunyanyuka.

MPWA: Basi ulibadilisha nini?

MJOMBA: Kitu cha kwanza kilikuwa usingizi. Nilimwita yule kijana niliyekuwa ninamfokea, nikamwomba radhi, nikamwambia kwamba kuanzia saa sita usiku moto ni wake, na mimi nikilala asiniamshe isipokuwa jiko limewaka miali. Mara ya kwanza sikulala, nilijifanya nimelala huku ninasikiliza kifuniko. Mara ya tatu nililala kweli, na kidari kilitoka vizuri kuliko changu, jambo ambalo lilinichoma kidogo, nikiri. Kisha nikapunguza mashindano hadi mawili kwa mwaka, nikaacha kabisa yale yanayotaka kukesha siku mbili mfululizo.

MPWA: Lakini nionavyo mimi, kilichokurudisha ni mbuzi wa Jumapili.

MJOMBA: Hilo ndilo. Nilikwenda nyumbani kwa kaka yangu, kijijini, wakachinja mbuzi. Kule hatuna nyavu wala pipa. Vipande vinachomekwa kwenye vijiti, vijiti vinasimikwa ardhini kuzunguka moto, na mtu anavigeuza anapokumbuka. Chumvi tu. Nilitoa kipimajoto mfukoni kwa mazoea, na shemeji yangu akaniuliza kama mbuzi ana homa. Watoto walicheka mpaka nikakirudisha. Kisha nyama ikagawanywa kama inavyogawanywa kwetu, kila sehemu na mwenyewe: hii ya wazee, hii ya wanawake waliopika, hii ya vijana waliochuna. Nikakumbuka kwamba nilijifunza kuchoma nyama hapo, nikiwa na miaka tisa, na kwamba kazi yangu wakati ule ilikuwa kuhakikisha mgeni anapata kabla yangu. Hakuna mtu aliyeniambia ladha ni 8. Babu alikuwa anatafuna, anatikisa kichwa, anaomba tena.

MPWA: Ulikula?

MJOMBA: Nilikula bega zima na sikuona aibu. Tangu hapo kila Jumapili ya kwanza ya mwezi ninachoma kwa ajili ya watu ambao hawawezi kunipa alama.

MPWA: Kuna jambo moja ambalo tuliambiana tusilikwepe. Ulipoanza kusema kwamba huna hamu ya kitu, baadhi ya watu walicheka wakasema upelekwe Mirembe.

MJOMBA: Walisema. Nami nilicheka nao, kisha nikakaa miezi mitatu bila kumwambia mtu mwingine.

MPWA: Ndiyo hasara ya mzaha huo. Mirembe ni hospitali ya taifa ya afya ya akili, iko hapahapa mjini kwetu, na tungepaswa kuiona kama jirani mwenye ujuzi badala ya kuifanya tusi. Uchovu wa namna hii si wazimu. Lakini mtu akipita wiki kadhaa bila usingizi, akakosa hamu hata ya mambo yasiyohusiana na kazi yake, au akaanza kuona kwamba maisha hayana maana, hapo asijitibu kwa podikasti. Aende kituo cha afya aeleze kama anavyoeleza malaria.

MJOMBA: Nami ningeongeza kwamba asimngoje aliyemcheka abadilike kwanza.

MPWA: Swali la mwisho. Umealikwa kwenye shindano la mwezi ujao. Utakwenda?

MJOMBA: Hapana. Wakaniomba basi niwe mwamuzi, nikakataa pia, maana ninajijua, ningerudi nyumbani ninahesabu nukta za watu wengine. Bado ninaamka saa tisa usiku mara moja moja, nikisikiliza jiko ambalo halipo.

MPWA: Na kesho Jumamosi?

MJOMBA: Kesho niko Msalato, upande wa wanunuzi. Njoo na mama yako.

MPWA: Utaweza kusimama kando na kumwachia mtu mwingine nyama yako?

MJOMBA: Nitaomba nikate kachumbari, mikono isikae bure.