Visanduku Vinne Kila Asubuhi: Tashtiti ya Siasa katika Vibonzo vya Gazeti

Ndugu zangu wachoraji na wanahabari, asanteni kwa kufika.

Tukitaja tashtiti ya siasa gazetini, yaani dhihaka inayowalenga watawala, wengi wetu huikumbuka ile katuni moja kubwa ya ukurasa wa maoni. Leo naomba tuiache, tukae na mdogo wake: kibonzo cha mfululizo, visanduku vitatu au vinne vinavyobanwa karibu na chemshabongo, wahusika ni walewale kila siku.

Katuni ya maoni hupiga pigo moja. Waziri kachorwa tumbo kubwa, tumeelewa, tumefunua ukurasa. Kibonzo hakina haraka hiyo. Mhusika anakuja leo, kesho anarudi, miaka inapita, msomaji anamzoea kama jirani. Mwanasiasa akiingizwa humo anakuwa mgeni mbele ya wenyeji tunaowajua, na hotuba zake hazina jukwaa la kumbeba. Tunamtazama tu anavyowatendea watu.

Aliyenifundisha hili ni Mmarekani Walt Kelly. Kibonzo chake, Pogo, kilikuwa cha wanyama wa kinamasi cha Okefenokee, watani wakubwa, wavivu kidogo. Mwaka 1953, Seneta Joseph McCarthy akiwa bado anawaandama watu kwa tuhuma za ukomunisti, kinamasini akaingia pakamwitu aliyefanana naye usoni, jina lake Simple J. Malarkey. Kuanzia hapo majirani waliozoea kutaniana wakaanza kuogopana. Kumfananisha mtu si kazi ngumu kwa mchoraji mzuri. Kelly alifanya lililo gumu zaidi: alichora hofu inavyopenya kati ya watu waliokuwa wakisalimiana jana.

Gazeti moja la mji wa Providence likatishia kukiondoa kibonzo hicho ikiwa uso wa Malarkey ungeonekana tena. Kelly akatii. Akamleta kinamasini kuku aliyetoka Providence, na Malarkey, kwa kuogopa kuonwa na kuku huyo, akajivika mfuko kichwani. Uso haukuonekana, na hakuna msomaji aliyekosa kumtambua. Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huling'amua. Kwa wahariri wengine walioogopa siasa, Kelly alichora vibonzo vya akiba vya sungura wapole, wachague wenyewe.

Kuna jambo la kiufundi ambalo watu wa nje ya kazi hii hawalifikirii. Vibonzo vinavyosambazwa kwa magazeti mengi huchorwa siku nyingi, mara nyingi wiki kadhaa, kabla ya kuchapwa. Ukikimbizana na habari ya jana, kibonzo chako kitachapwa habari ikiwa imeshachacha. Ndiyo maana mchoraji mwenye busara hulenga tabia ya mtawala: uongo wake wa kila mara, woga wake, namna anavyokwepa swali. Hayo hayachachi.

Mmarekani mwingine, Garry Trudeau, aliyeanzisha kibonzo cha Doonesbury mwaka 1970, aliijua siri hiyo. Marais kadhaa hakuwachora uso. Tunaiona Ikulu kwa nje, sauti inatoka ndani, basi. Makamu wa Rais Dan Quayle alimchora unyoya unaoelea hewani. Ukishauona unyoya ule mara kumi, hukumu huihitaji tena.

Lakini kisa chake ninachokirudia mara nyingi ni cha Mei 1973, kashfa ya Watergate, iliyomwandama Rais Richard Nixon na watu wake, ikiwa imepamba moto. Mhusika wake Mark, kijana mtangazaji wa redio, anamzungumzia John Mitchell, aliyekuwa Mwanasheria Mkuu. Anaanza kwa kusema si haki kumhukumu mtu mapema, kisha anamtangaza ana hatia, tena na tena, uso umejaa furaha. The Washington Post, gazeti lilelile lililokuwa mbele kuifichua kashfa hiyo, lilikataa kukichapa. Nimewahi kuutetea uamuzi huo darasani, kwa sababu Mitchell alikuwa bado hajahukumiwa na mahakama. Sasa naona nilikosea. Maneno yale yalikuwa ya Mark, na shauku yake ya kuhukumu ilikuwa sehemu ya kinachochekwa. Kauli ya mhusika si kauli ya gazeti. Mhariri asiyeweza kutenganisha viwili hivyo atafuta vibonzo vizuri maisha yake yote. Mwaka 1975 Trudeau alipata Tuzo ya Pulitzer ya katuni za maoni, na hakuna mchoraji wa kibonzo cha mfululizo aliyekuwa ameipata kabla yake.

Namalizia na Mafalda, msichana wa miaka sita aliyechorwa na Quino wa Argentina. Alianza kuchapishwa mwaka 1964 katika jarida, mwaka uliofuata akaingia katika gazeti la kila siku. Anachukia supu, na Quino mwenyewe alieleza kwamba supu ile ni kila kinacholazimishwa watu wakimeze. Mafalda anauliza maswali ya kitoto kuhusu vita, serikali na dunia, na watu wazima wa nyumbani kwake hawana majibu. Katika picha moja anaonyesha kirungu cha polisi kwa kidole, anasema hiki ndicho kifimbo cha kubondea itikadi.

Quino aliacha kumchora mwaka 1973. Machi 1976 jeshi likapindua serikali, naye akahamia Italia. Tarehe 4 Julai mwaka huohuo, katika kanisa la Mtakatifu Patrick jijini Buenos Aires, mapadri watatu na waseminari wawili waliuawa usiku. Ndani ya nyumba yao kulikuwa na bango la Mafalda na kirungu kile. Wauaji walilibandua ukutani, wakalilaza juu ya mwili wa mmoja wa waliouawa.